Bird au Durant? Wa pili ni Bird

Mkuu, umeuliza nani anamfuata LeBron James kwa ubora kati ya wachezaji wa kikapu wa namba tatu (small forward), Larry Bird au Kevin Durant. Ya LeBron tusibishane: mataji 4, na tangu Februari 2023 ndiye mfungaji bora wa muda wote NBA, ligi ya kikapu ya Marekani.

Wa pili ni Bird. Durant anafunga kitamu kuliko yeye, sikatai. Urefu ule! Beki anaruka na mpira hata haugusi. Ila Bird alibeba MVP (tuzo ya mchezaji bora wa msimu) 3 mfululizo, 1984 hadi 1986, na alikuwa anausoma mchezo mapema kuliko wenzake. Katafute mechi ya tano ya mtoano kati ya Boston, timu yake, na Detroit, 1987. Zimebaki sekunde 5, Boston wako nyuma kwa pointi moja, Isiah Thomas wa Detroit anarusha mpira wa pembeni. Bird anaunyaka, nusura atoke nje, anageuka na kumpa mwenzake Dennis Johnson aliyekuwa anakuja mbio. Kikapu. Detroit hoi.

Durant wa tatu, Scottie Pippen wa nne kwa ulinzi wake. Kawhi Leonard angempita Pippen kama magoti yangemruhusu kucheza. Dr. J (Julius Erving) simpangi, sikuwahi kumwona akicheza.