Dawa ya miguu inaleta kichwa, dawa ya kichwa inaamsha miguu

Mimi ni mushonaji, niko huku Bukavu upande wa Kadutu, na majirani walikuwa wanazania niko na kazi mingi sana juu saa sita ya usiku wanasikia makina inalia. Kumbe hakuna hata nguo chini ya sindano. Nilikuwa nakanyaga pedali tu, nakanyaga, juu nikilala miguu inaanza, si maumivu, si ganzi, ni kama tududu tunatembea ndani ya mifupa na lazima uitikise, ukisimama inatulia, ukirudi kitandani inaanza upya. Madokta wanaiita ugonjwa wa miguu isiyotulia. Mama mukwe alisema ni minyoo. Dada mumoja wa kanisa akasema ni wivu ya watu. Dawa ya minyoo nilikunywa mara mbili, hakuna kitu.

Alafu kuko migreni, niko nayo tangu ubinti, upande moja tu wa kichwa, mwangaza sitaki, harufu ya sambaza ya kukaanga sitaki, natapika. Na kwetu kila kichwa wanasemaka ni malaria ao tansio (presha), basi nimemeza dawa ya malaria bila kupimwa mara nyingi mbaya (usifanye hivo, pimwa kwanza).

Sasa angalia namna nilijifunga mwenyewe. Dokta wa miguu alinipatia pramipeksoli, kidonge kidogo sana, 0.125 mg, masaa mbili mbele ya kulala. Wiki ya kwanza nililala kama mutoto. Lakini asubui kichwa inagonga na moyo inachafuka, na hiyo dawa inajulikana kuleta vyote viwili. Nikaanza parasetamoli kila asubui, kisha ibuprofeni juu yake, kisha metoklopramide ya kuzuia kutapika, ile inauzwa farmasi yote. Usiku miguu ikawaka kuliko mbele. Nikaongeza pramipeksoli bila kuuliza mutu. Ikafika kiasi miguu inaanza saa kumi ya muchana, kiliya iko mbele yangu napima kiuno yake na mimi niko nacheza kama kuko muziki.

Nilikuja kuelewa nyuma. Pramipeksoli inafanya kazi ya dopamini, kemikali moja ya ubongo, metoklopramide inaifunga, moja inasukuma ingine inavuta. Kuzidisha pramipeksoli nako kunaweza kufanya miguu ianze mapema zaidi kwa siku. Na zile za maumivu, mutu wa migreni akizimeza siku 15 ao zaidi kwa mwezi, miezi zaidi ya 3, dawa yenyewe inaweza kumuletea kichwa. Kwa triptani (dawa za migreni yenyewe) ao dawa za maumivu zenye kodeini inatosha siku 10. Nilihesabu kwenye kaye (daftari) yangu: siku 22 kwa mwezi.

Nilikuwa na dokta wawili na hakuna aliyejua dawa ya mwenzake, kosa ni yangu, sikusema. Siku moja nikatia yote kwenye sashe, hata ile ya mafua, nikamwanga kwenye meza ya dokta moja. Akaondosha metoklopramide. Pramipeksoli akaipunguza pole pole (usiikate mara moja weye mwenyewe, miguu italipiza), akaniandikia gabapentini, dawa ingine ya miguu, ya usiku. Alitaka kunipa amitriptilini ya kuzuia migreni, kisha akaacha, juu inaweza kuamsha miguu, na prometazini ya mafua ni hivo hivo.

Kuacha dawa za maumivu ndiyo ilinitesa. Siku kumi hivi kichwa ilizidi, nilifunga atelye, nikalala na kitambaa ya maji baridi machoni, nikamukasirikia kila mutu ndani ya nyumba. Siku ya kumi na mbili hivi ikaanza kulegea. Kama unajua utapita hapo, panga, usianze wiki ya harusi kama mimi nilitaka kufanya.

Na chuma. Hemoglobini yangu ilikuwa sawa, basi walisemaka damu iko muzuri, kumbe feritini, ile inaonyesha akiba ya chuma mwilini, ilikuwa 18, na kwa miguu hii madokta wanapenda ipite 75. Nilikunywa dawa ya damu siku moja ndiyo siku moja hapana, na maji ya ndimu, chai nikaisogeza mbali. Sombe (majani ya muhogo) pekee haingetosha, nilikuwa naikula kila siku! Omba labo wapime feritini yenyewe, usinunue chuma kwa kubahatisha, ikizidi nayo ni shida.

Sasa dawa ya maumivu haipiti siku mbili kwa wiki, na ninaimeza mapema, kichwa ikianza tu. Mwezi uliopita kaye inasema kichwa siku tano, miguu usiku tatu. Na farmasi, mbele hawajanipatia kitu ya kuzuia kutapika, naanza na kusema: mama, niko na ugonjwa wa miguu, angalia kwanza.