Fundi Anajibu: Rumeti, Yuniti na Ndoo ya Maji ya Moto

Fundi, chaja ya simu ikibaki kwenye soketi inakula umeme?

Kidogo mno. Hata kuchaji simu yenyewe kila siku, mwezi unaisha hujafikisha yuniti moja. Swali hili naletewa kila wiki, na karibu kila anayeuliza, nikimhoji, ana hita ya maji au jiko la koili ambalo hajalitaja. Ulizeni vinavyotoa joto!

Shikamoo fundi. Niko Arusha, naishi na rumeti. Umeme ni 40,000 kwa mwezi, tunagawana nusu kwa nusu. Friji na kupika tunashirikiana, ila yeye anachemsha maji ya kuoga kwa hita ya ndoo, asubuhi na jioni. Mimi naoga ya baridi. Nikisema, ananiita mchoyo.

Marahaba mdogo wangu. Wewe si mchoyo. Tupige hesabu. Bei ya kawaida, T1, ni TSh 292 kwa yuniti. Ukiweka VAT na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika kama 356. Kwa hiyo 40,000 ni yuniti 112 hivi. Ndoo ya lita 20 mpaka iwe ya kuogea inamaliza kama nusu yuniti. Mara mbili kwa siku, ni yuniti moja. Kwa mwezi, 30. Friji ya kawaida nayo inakwenda na kama yuniti moja kwa siku, 30 nyingine. Tuseme kupika ni 30, halafu TV, taa na pasi zinamaliza 22 zilizobaki. Vya pamoja ni 82, kila mtu 41. Zile 30 za hita ni za kwake peke yake. Wewe ulipe kama 14,600, yeye 25,300. Kwa nusu kwa nusu umekuwa ukimlipia zaidi ya 5,000 kila mwezi.

Makadirio yangu yasiwagombanishe, pimeni. Zimeni kila kitu, washeni hita tu, mwangalie yuniti kabla na baada. Au hesabuni ile taa nyekundu ya mita: kama pameandikwa 1000 imp/kWh, ikipepesa mara 1,000 yuniti moja imekwenda. Mpime mkiwa wote wawili, maana ugomvi mwingi wa umeme niliosuluhisha ulitokana na kukisia.

Hili hukuniuliza, lakini mwambie: asitie mkono kwenye ndoo kusikilizia joto hita ikiwa inawaka. Achomoe plagi kwanza. Hita hizo zinaua watu.

Nikizima friji usiku naokoa umeme?

Kidogo sana, na asubuhi mota inahangaika kurudisha ubaridi. Kagua mpira wa mlango: bana noti, ikichomoka kirahisi basi ubaridi unavuja. Isogeze mbali na ukuta, yeyusha barafu iliyoganda. Na jamani, wekeni friji gadi, kile kifaa cha kuilinda friji umeme ukiyumba.

Tuko Mbagala, wapangaji vyumba vitano, mita moja. Zamani 2,000 ilitupa yuniti 16, sasa hazifiki sita. Mita imechezewa?

Hapana, mmetolewa D1, daraja la watumiaji wadogo. Bei ile ya TSh 100, au 122 pamoja na tozo, ni ya mita isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi. Inaangalia mita, haihesabu vichwa. Kila chumba kikitumia 30, mita inaona 150. Mngekuwa kila chumba na mita yake ya LUKU, ile ya kulipia kabla, yuniti hizo 150 zingewagharimu kama 18,300. Sasa mnalipa 53,400! Mwenye nyumba anayeweka mita moja kwa vyumba vitano amekwepa gharama ya mara moja na kuwatwisha wapangaji gharama ya kila mwezi. Nimelisema hili miaka, na nitaendelea kulisema. Mwendeeni kwa adabu, mkiwa pamoja, awaombee mita. Akikataa, fungeni mita ndogo za ndani ili kila mmoja alipe alichotumia, mkianza na yeyote mwenye friza ya kuuzia barafu. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU tangu 2021 ni ya mwenye jengo. Mkubaliane naye ipunguzwe kwenye pango.

Kuna kifaa kinauzwa mtaani, unachomeka kwenye soketi, eti kinapunguza umeme nusu. Ninunue?

Usinunue. Mita itaendelea kuhesabu vilevile. Na anayejitolea kuifungua mita ili "ipunguze mwendo", mfukuze. Ni wizi, na waya za kuruka mita zinaunguza nyumba.

Mimi na rumeti tuna koili. Tununue jiko la presha la umeme?

Nunueni hata kesho. Maharage kwenye koili ya wati 1,000, saa mbili, ni yuniti mbili. Kwenye presha ni kama nusu yuniti. Lichomekeni kwenye soketi ya ukutani peke yake, si kwenye ekstensheni moja na pasi. Na kabla hamjatoa pesa, andikeni kwenye karatasi nani atabaki nalo mkiachana.