Majibu kwa Wasomaji: Mafao ya Kukosa Kazi Yanapokwama Mtandaoni

Barua tatu za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi Marekani, na zote zinahusu tovuti za majimbo zinazotumika kuombea mafao ya kukosa kazi. Majina ya waandishi na ya majimbo yao tumeyahifadhi kwa ombi lao.

SWALI: Ndugu Mhariri, nilifanya kazi kwa miaka mitatu katika ghala la kupanga mizigo, mpaka siku tulipopunguzwa watu wengi kwa mara moja. Kijana mmoja wa kanisani kwetu alinisaidia kujaza maombi ya mafao kwenye simu yangu. Tulipofika mahali pa kuthibitisha utambulisho, nilipiga picha ya grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, na ya uso wangu mara sita, na kila mara jibu lilikuwa kwamba taarifa hazilingani. Siku ya pili akaunti ikafungwa. Nikipiga simu, sauti ya mashine hunieleza kuwa wapigaji ni wengi, kisha hukata. Jirani yangu alinishauri nisijaze kitu chochote mpaka tatizo liishe. Hii ni wiki ya tano, kodi ya nyumba nadaiwa, na kosa langu silijui. Je, nianze upya kwa barua pepe nyingine? — Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, pole sana. Nianze na lile uliloliuliza mwishoni, kwa sababu ndilo linaloweza kukuharibia zaidi: usianze upya kwa barua pepe nyingine. Maombi mawili yenye namba moja ya Hifadhi ya Jamii, ile ambayo wengi wetu tunaiita soshali, yanaweza kuonekana mbele ya mfumo kama jaribio la mtu kuiba utambulisho wa mwenzake, na faili lililokuwa linasubiri kukaguliwa kwa kawaida likahamishwa kwenye foleni ya wanaoshukiwa udanganyifu, ambako watu hukaa miezi.

Kuhusu kosa lako, huenda hukukosea lolote. Tovuti haikufahamu wewe. Kazi yake ni kulinganisha herufi na tarakimu ulizoandika na zile zilizoko kwenye kumbukumbu za ofisi ya Hifadhi ya Jamii, za idara ya uhamiaji, na mara nyingi hata za kampuni ya simu. Hapo ndipo watu wetu wanapokwama. Mtu aliyetoka Kongo ana majina matatu, na afisa aliyemwandikisha kambini aliyapanga kwa namna yake. Kwenye grini kadi jina la ukoo limekuwa la kwanza, kwenye kadi ya soshali jina la kati limeachwa, na kwenye hati ya mshahara mwajiri ameunganisha majina mawili kuwa moja. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina yake: wakimbizi wengi ambao hawakuwa na cheti waliandikiwa tarehe 1 Januari, kisha mtu anapojaza fomu kwa uaminifu wake anaandika siku halisi aliyoambiwa na mama yake, na mfumo unakataa. Tena kuna laini ya simu. Ikiwa laini unayotumia iko kwenye mpango wa familia kwa jina la shemeji yako, au ni ile namba ya bure inayotolewa na programu ya mtandaoni, ulinganisho unaweza kushindikana hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa simu tena, weka mezani kadi ya soshali, grini kadi, leseni au kitambulisho cha jimbo, na hati ya mwisho ya mshahara, kisha uzisome herufi kwa herufi ukiwa na mtu anayeona vizuri. Kwenye maombi yenyewe, andika jina kama lilivyo kwenye kadi ya soshali, kwa kuwa kwa jina hilo na namba hiyo ndivyo mwajiri anavyopaswa kuripoti mshahara wako serikalini. Ukikuta kwamba kadi ya soshali ndiyo yenye kosa, marekebisho yake katika ofisi ya Hifadhi ya Jamii ni bure, na yeyote anayekutoza fedha kwa kazi hiyo anakula jasho lako.

Picha nazo zina ufundi wake. Grini kadi inang'aa, na mwanga wa kamera ukiipiga, maandishi hupotea. Iweke juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha mchana, zima mwanga wa kamera, futa kioo cha kamera kwa nguo safi, na hakikisha pembe zote nne za kadi zinaonekana. Kwa picha ya uso, elekea kwenye dirisha badala ya kuligeuzia mgongo. Tena usijilaumu: mwaka 2019 taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia viwango, NIST, ilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba programu nyingi za kutambua nyuso hukosea zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko kwa Wazungu. Mashine ikishindwa mara mbili, usiilazimishe mara ya sita, maana majaribio mengi ndiyo yanayofunga akaunti. Omba kuthibitishwa na mtu. Majimbo yanayotumia kampuni ya ID.me yana njia ya kuzungumza na mhudumu kwa video. Baadhi ya yale yanayotumia Login.gov, mfumo wa serikali kuu, humruhusu mwombaji kwenda na vitambulisho vyake kwenye ofisi ya posta; na kwingineko unaweza kuomba miadi katika ofisi ya jimbo.

Sasa nakuja kwenye ushauri wa jirani yako, ambao umekugharimu kuliko ile kamera. Karibu kila jimbo humtaka mwombaji apeleke dai la kila wiki, au la kila wiki mbili, akieleza kwamba bado hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuifanya. Wajibu huo hausimami kwa sababu utambulisho haujathibitishwa. Anayesubiri tatizo liishe ndipo aanze kudai wiki zake hukuta utambulisho umekubaliwa, maombi yamepita, na wiki zile tano hazina dai, kwa hiyo hazina malipo. Majimbo mengi yana laini ya simu ya mashine kwa ajili ya madai ya wiki peke yake, tofauti na ile ya kuzungumza na mhudumu. Itafute kwenye barua ya kwanza uliyotumiwa na uanze wiki hii hii. Kwa zile zilizopita, andika barua ukiomba zikubaliwe kwa sababu ya hitilafu ya mfumo. Ofisi hukubali ombi la namna hiyo ikiona sababu ya msingi, na sababu huonekana kwa ushahidi. Ndiyo maana nakuomba ununue daftari leo: tarehe, saa, namba uliyopiga, muda uliosubiri, maneno yaliyotokea kwenye skrini. Kila ujumbe wa kosa upige picha ya skrini kabla hujaufunga.

Kuhusu simu zinazokatwa, Jumatatu asubuhi ndiyo siku mbaya kuliko zote. Jaribu katikati ya wiki, dakika ile ofisi inapofunguliwa. Akipokea mtu, sema neno moja, "Swahili," na usubiri mkalimani. Huombi fadhila. Sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazikataza ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili yake ya taifa, na kwa msingi huo ofisi hizo zinatakiwa kumhudumia kwa lugha anayoielewa bila kumtoza. Usimfanye mtoto wako mkalimani katika jambo hili, kwani neno moja likigeuzwa vibaya, kwa mfano "nilifukuzwa" mahali pa "nilipunguzwa," unaweza kunyimwa haki yako.

Simu ikishindikana kabisa, kuna njia ambayo watu wetu hawaijui: ofisi ya mwakilishi wako katika bunge la jimbo. Wawakilishi hao wana wasaidizi ambao kazi yao ni kufuatilia mafaili ya wananchi yaliyokwama serikalini, na ombi lao mara nyingi hufika mezani pa mtu ambaye mimi na wewe hatuwezi kumpata. Hawaulizi kama ulimpigia kura, wala kama una haki ya kupiga kura.

SWALI: Mimi ni kijana ninayejua kompyuta kidogo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiwajazia wazee na majirani maombi haya bila malipo. Kwa urahisi nilitumia barua pepe yangu na namba yangu ya simu kwa familia saba. Sasa malipo ya watu wawili yamezuiwa. Zaidi ya hayo nimebadilisha simu, na namba za siri za kuingilia zinaendelea kutumwa kwenye laini ya zamani ambayo sinayo tena. Nifanyeje? — Kijana wa jumuiya

JIBU: Kijana wangu, moyo wako ni mwema, lakini njia uliyotumia ndiyo hasa inayotafutwa na wakaguzi. Tangu janga la korona, wakati magenge ya wezi yalipojaza maombi mengi kwa majina ya watu wengine, mifumo ya majimbo imekuwa ikiwinda barua pepe moja, namba moja ya simu au akaunti moja ya benki iliyojitokeza katika maombi ya watu mbalimbali. Wewe umefanya kwa hisani kile ambacho mwizi hufanya kwa tamaa, na mashine haina namna ya kuwatofautisha.

Rekebisha kwa utaratibu huu. Kila mzee afunguliwe barua pepe yake mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye karatasi inayokaa nyumbani kwake, si kwenye simu yako. Kisha kila mmoja aingie, nawe ukiwa kando yake, abadilishe barua pepe na namba ya simu ndani ya akaunti yake. Wale wawili waliozuiwa waende ofisini na vitambulisho vyao, nawe ufuatane nao ueleze waziwazi ulivyofanya. Maelezo yanayotolewa kabla ya kuulizwa hupokelewa vizuri kuliko yale ya baada ya barua ya uchunguzi. Ikiwa malipo ya mtu yeyote yanaingia kwenye akaunti yako ya benki, hata kama unamkabidhi kila senti, liondoe jambo hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Kwa ile laini iliyopotea, tafuta kwanza kama mlihifadhi namba za akiba ambazo mifumo mingi hutoa siku ya kufungua akaunti. Kama hazipo, jaribu kuirudisha laini ya zamani kwa kampuni ya simu kabla haijagawiwa mtu mwingine. Mara nyingi hilo ni jepesi kuliko kuibembeleza tovuti. Tena mnapotumia kompyuta ya maktaba, fungueni dirisha la faragha la kivinjari, msibonyeze kitufe cha kurudi nyuma katikati ya fomu, na andaeni majibu kwenye karatasi kabla ya kuingia, kwa kuwa tovuti hizi humtoa mtu akikaa kimya dakika chache tu, na aliyoyaandika yakapotea. Baadhi zilijengwa juu ya mitambo ya zamani mno: mwezi Aprili 2020, gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wajitolee walio na ujuzi wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyobuniwa mwaka 1959.

SWALI: Nina miaka 61. Nilijaza maombi nikasubiri barua kwa posta, haikuja. Mjukuu wangu alipoingia kwenye akaunti alikuta barua ya Kiingereza inayosema nimekataliwa, nayo ina siku ishirini na tano tangu iandikwe. Hakuna ujumbe wowote niliopata kwenye simu. Kusema kweli naona aibu kuendelea kudai fedha za serikali. Niache? — Mzee wa Kigoma

JIBU: Shikamoo Mzee. Usiache. Fedha hizi si sadaka: ni bima iliyowekwa chini ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya mwaka 1935, na mfuko wake hujazwa na kodi wanayolipa waajiri kwa ajili ya wafanyakazi wao. Katika majimbo matatu, yaani Alaska, New Jersey na Pennsylvania, hata mfanyakazi mwenyewe hukatwa kidogo. Ulipokuwa kazini ulikuwa umekatiwa bima hiyo, na sasa mvua imenyesha.

Kilichokupata kinawapata wengi. Wakati wa kujaza, kuna swali dogo linalouliza kama unataka barua kwa posta au kwa njia ya mtandao, na anayekuharakishia fomu huchagua mtandao. Tangu hapo barua hukaa kwenye sanduku la ndani ya akaunti, na ujumbe wa kukujulisha, kama upo, unaweza kuangukia kwenye barua taka. Ingia leo ubadilishe chaguo hilo.

Rufaa ina siku zake, na hutofautiana kwa jimbo: kwingine ni 10 tu, kwingine 30, nazo kwa kawaida huhesabiwa tangu tarehe iliyochapwa kwenye barua, si siku uliyoisoma. Kama jimbo lako linatoa 30, zimebaki tano. Mjukuu aitume rufaa usiku huu kwa sentensi mbili tu, kwamba hukubaliani na uamuzi na unaomba kusikilizwa, maana sababu ndefu utazieleza mbele ya msikilizaji, yaani afisa anayesikiliza rufaa. Kama siku zimepita, itume vilevile na ueleze kwamba barua haikuletwa kwa posta na hukupata taarifa. Msikilizaji ataamua kwanza kama kuchelewa kwako kulikuwa na sababu ya haki. Endelea kupeleka dai la kila wiki hata sasa ulipokataliwa, la sivyo utashinda rufaa na usiwe na wiki za kulipwa. Na kama tovuti itagoma kupokea rufaa yenyewe, ichape, uipeleke kwa mkono katika nakala mbili, moja uwaachie na nyingine uigongewe mhuri wa tarehe kabla hujaondoka kaunta.