Babu wa Coney Island kanifunga, na mkono umevimba

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Brooklyn, New York, mwezi wa tano sasa, nahudumia wazee majumbani. Siku ya mapumziko hushuka Coney Island nikaione bahari. Pale pana kuta za zege zimesimama peke yake, watu wanapiga kimpira kwa kiganja kutwa nzima. Jumapili babu mmoja akanikaribisha. Kanifunga 21 kwa 2, na mkono wa kulia umevimba hata kijiko nashika kwa taabu. Wanasema ni mpira wa mikono, mbona hauna magoli? Na nirudi vipi bila kuumia?
Binti wa Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole ya mkono. Ya 21 kwa 2 sikupi pole, maana mimi siku ya kwanza kwenye kuta hizo hizo nilitoka na sifuri, na aliyenifunga alikuwa anakula karanga.

Huo si mpira wa mikono wa magoli uliocheza shuleni. Huu ni wa ukuta: futi 20 upana, futi 16 kimo, na sakafu ya futi 34 kutoka ukutani. Unaupiga mpira ugonge ukuta kabla haujagusa chini, mwenzio anaurudisha ukiwa hewani au ukishadunda mara moja. Anayeanzisha ndiye pekee anayepata pointi, kwa hiyo mbili zako usizidharau.

Waliouleta Marekani ni Waairishi. Bingwa wao Phil Casey alihamia Brooklyn, na mwaka 1887 akashindana na John Lawlor wa Dublin, mshindi awe wa kwanza kufikisha michezo 11. Walianzia Cork, Lawlor akaongoza 6 kwa 4. Wakavuka bahari kumalizia Brooklyn, Casey akachukua saba mfululizo. Wao walicheza ndani ya kuta nne. Huu wa ukuta mmoja ulikulia hapo hapo ufukweni unapokwenda kutazama bahari.

Sasa mkono. Nadhani ulipewa ule mpira mdogo mgumu, nawe ukaupiga kwa mkono mtupu. Wazee wanaupenda, lakini tazama mikono yao: wote wana glovu. Omba ule mkubwa wa buluu, wa raba laini, ndio wanaoanzia watoto. Usione haya.

Tena uliingia mkono ukiwa baridi. Kabla ya kutoka nyumbani loweka viganja kwenye maji ya moto unayoyavumilia, dakika chache, mpaka viwe vyekundu. Damu ikishatembea, mpira hauumi mfupa. Na usipige kwa kiganja kilichonyooka kama unayemzaba mtu kofi. Kikunje kidogo, kama unapochota maji ya kutawadha, mpira ukukute pale vidole vinapoanzia. Mkono upite ubavuni, chini chini, kama tulivyokuwa tukirusha vijiwe virukeruke juu ya maji.

Lakini usirudi mpaka uvimbe uishe. Ukibonyeza sehemu moja tu ukasikia maumivu makali, hiyo si ya kukanda kwa maji ya chumvi. Nenda kwa daktari upigwe picha. Kazi yako ni kuinua watu, mkono huo ndio riziki.

Jambo lililokufunga hasa si uvimbe. Nakuhakikishia yule babu hakukimbia hata hatua kumi. Alisimama katikati, akakupelekea kila mpira kushoto, nawe ukawa unazunguka mwili mzima ili uupate kwa kulia. Hapa hakuna raketi ya kugeuza. Mpira wa kushoto hupigwa kwa mkono wa kushoto, basi. Tafuta ukuta wowote usio na dirisha, piga kwa kushoto peke yake, nusu saa, kila ukipata nafasi. Wiki mbili za mwanzo utajiona kichekesho. Mimi nilifanyia nyuma ya duka la kufulia nguo, na mwenye duka alikuwa akitoka kuniangalia kama anayeangalia mgonjwa.

Ukirudi, uliza nani anafuata, keti usubiri zamu yako. Utaratibu ni kama wa bao barazani, anayefungwa anainuka. Na babu akitaka kujua mkono wa kushoto umefikia wapi, mwambie bado.