Maswali na Majibu: Sketi Inayosimama Kama Sahani

Safari iliyopita niliitaja tutu, ile sketi ya wacheza baleti, kwa mstari mmoja tu, kisha nikapita. Wasomaji hamkupita. Haya, tuanze.

*Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Hiyo sketi inasimamaje bila kuanguka? Ina waya ndani?*

Swali la fundi nalipa nafasi yake. Tutu bapa unayoiona pichani huanzia kwenye kichupi. Fundi hushona hicho kwanza, kisha anapandisha juu yake matabaka ya neti ngumu, kumi, kumi na mawili, mengine huzidi. La chini kabisa ni fupi, kama upana wa vidole vichache, na kila linalofuata hulizidi lenzake kidogo. Yote hutiwa marinda kabla ya kushonwa. Yale mafupi ndiyo yanayoyabeba marefu. Yamebanana kama abiria wa daladala, hakuna anayepata pa kulala. Mwisho huunganishwa kwa bandi ya mkono yenye uzi uliolegezwa. Ukiukaza, sketi inabonyea, na utafumua kazi yako yote.

Waya upo, ila si lazima. Wengine hupitisha pete ya chuma chembamba katika tabaka la katikati. Barbara Karinska, fundi mzaliwa wa Kharkiv aliyeshonea kundi la mtunzi wa dansi George Balanchine huko New York, aliuondoa mwaka 1950. Wachezaji wakijazana jukwaani, sketi za waya zilikuwa zikigongana na kuinuana. Yake ikawa na matabaka machache, laini, yanayoteremka kidogo. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

*Mwanangu anasema zamani walicheza na magauni marefu. Kweli?*

Mpe mtoto soda. Karne ya 18 mjini Paris, Marie Camargo alipandisha pindo hadi juu ya vifundo vya miguu ili watu waone jinsi anavyoruka, na maneno yakawa mengi. Kisha tarehe 12 Machi 1832, katika Opera ya Paris, mchezaji Marie Taglioni akatokea kama pepo wa msituni katika baleti ya La Sylphide. Alivaa sketi nyeupe, nyepesi, iliyotanuka kama kengele na kufika katikati ya muundi. Chini ya taa za gesi ilionekana kama ukungu. Mtindo huo bado upo. Ndio unaouona katika baleti ya Giselle.

Sketi fupi ililetwa na miguu yenyewe. Wachezaji wa Kiitalia wa mwisho wa karne ya 19 walikuwa na mizunguko na kasi ambayo gauni lingeificha bure. Virginia Zucchi alipofika St Petersburg, Urusi, mwaka 1885 alishikilia kucheza na sketi fupi. Miaka kumi baadaye Pierina Legnani akazunguka mara 32 kwa mguu mmoja katika baleti ya Swan Lake. Hebu wazia hilo ndani ya gauni la kufika chini.

*Nimesikia ziliua watu. Au ni chumvi?*

Si chumvi. Kitambaa chepesi, chenye hewa kila upande, karibu na moto wa gesi ulio wazi: huo ni utambi. Mwaka 1844 mchezaji Clara Webster aliungua jukwaani London, akafa. Ufaransa ikaamuru mwaka 1859 kwamba nguo za jukwaani zichovywe kwenye dawa ya kuzuia moto. Tatizo ni kwamba dawa ile ilikakamaza kitambaa na kukifubaza, na sketi ikapoteza ule ukungu wake.

Emma Livry, mwanafunzi wa Taglioni mwenyewe, alikataa. Aliandika kwamba atacheza na sketi zake za kawaida. Tarehe 15 Novemba 1862, kwenye mazoezi, aliinua sketi yake akiwa karibu na taa, upepo wake ukauvuta moto. Akakimbia jukwaani huku anawaka. Aliteseka miezi minane, akafariki Julai 1863, hajatimiza miaka 21. Miaka miwili kabla ya ajali, Taglioni alikuwa amemtungia dansi ya kipepeo ambaye mabawa yake yanaunguzwa na mwenge. Mabaki ya nguo ya Livry bado yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris, vitambaa vichache tu.

*Jina lina uhusiano na Askofu Tutu?*

Hapana. Ni Kifaransa cha kitoto, neno la kutaja makalio. Tuendelee.

*Nilitazama The Nutcracker pale Kenya National Theatre. Mbona mwanamume anamshika mwenzake kwa mbali, kama anaogopa?*

Ana sahani kubwa mbele yake, ndugu yangu. Miguu ya mwenzake haioni, na mwenyewe akiangalia chini haoni yake. Wanakwenda kwa mazoea na kwa mikono.

*Zinafuliwaje?*

Kwa nadra sana. Maji huilegeza neti. Sehemu ya juu ya vazi, inayobana kifua na ndiyo inayonyonya jasho, hupuliziwa vodka ndani ili kuua harufu. Pombe ikikauka haiachi kitu. Mgongoni hakuna zipu, kuna kulabu za safu kadhaa, ili vazi moja limfae huyu leo na mwenzake mnene kidogo kesho. Na usiitundike kama gauni: huning'inizwa kichwa chini, au hulazwa bapa, moja juu ya nyingine.

*Naweza kuona wapi tutu ya zamani?*

Tafuta sanamu ya msichana ya msanii Mfaransa Edgar Degas, mchezaji wa miaka 14, aliyoionyesha Paris mwaka 1881. Alimfinyanga kwa nta, akamvisha sketi ya kitambaa halisi, na wengi walimwona wa kutisha. Nta yenyewe iko Washington. Nakala za shaba zilimiminwa baada ya Degas kufa, na zimetawanyika katika majumba mengi ya makumbusho, kila moja na sketi yake. Shaba hudumu, neti huoza, basi wahifadhi hulazimika kushona upya. Ukizipanga picha zake pamoja utacheka: huku sketi imeishia mapajani, kule imefika magotini.