Usiniulize Tena Kuhusu Kamera

Barua zimekuwa nyingi, na nusu yake ni swali lile lile. Naanza nalo tulimalize.

Mzee shikamoo. Nataka kuwa mwongozaji wa filamu. Ninunue kamera gani? (Mbeya)

Marahaba. Tumia hiyo iliyo kwenye simu yako, pesa itakayobaki nunua maikrofoni. Mtazamaji wetu atavumilia picha yenye giza. Mazungumzo yaliyomezwa na jenereta ya jirani hayavumilii, anainuka anakwenda zake.

Mwalimu, nina miaka 39, naendesha daladala. Nina hadithi nyingi kichwani lakini naona vijana wa vyuoni wameshanipita. Nimechelewa? (Dar es Salaam)

Ousmane Sembène wa Senegal alizaliwa mwaka 1923. Alibeba mizigo bandarini Marseille, akaandika riwaya, kisha akagundua kwamba watu anaowaandikia wengi wao hawasomi Kifaransa. Akaenda Moscow kujifunza filamu akiwa mtu mzima kabisa. *Borom Sarret*, filamu yake fupi ya mwaka 1963, aliitoa akiwa na miaka 40. Ina dakika kama 20 tu, na ni siku moja ya mwendesha mkokoteni mjini Dakar. Abiria wanapanda, wengine hawalipi, jioni mkokoteni unachukuliwa na polisi na jamaa anarudi nyumbani na farasi wake, mikono mitupu. Hakuna jumba la kifahari, wala dada aliyepokea simu akaangusha glasi.

Umeisoma vizuri hiyo, dereva? Mkokoteni! Wewe kwa siku unasikia ugomvi wa chenji, mapenzi ya siti ya nyuma na misiba kuliko anavyosikia mwanafunzi wa filamu kwa mwaka mzima. Andika leo ukifika kijiweni, kabla hujasahau maneno yenyewe. Na wahusika wako waongee kama abiria wako, si kama taarifa ya habari. Sembène alipofika *Moolaadé*, filamu iliyoshinda tuzo ya Un Certain Regard kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka 2004, alikuwa na miaka 81. Hesabu mwenyewe umebakiza mingapi.

Nina mwigizaji mwenye wafuasi laki tano Instagram. Nimpe ustering? (Arusha)

Wafuasi hawaigizi. Mwite asome sini mbili kwanza.

Kaka, benki imekubali kunikopesha kwa dhamana ya nyumba ya mama. Nimesoma kwamba Francis Ford Coppola, yule mwongozaji wa Marekani, alihatarisha kila alichonacho. Bila kuthubutu hakuna sanaa, au siyo? (Mwanza)

Kila mtu mwenye mkopo mkononi ananitajia Coppola. Haya, tumtaje hadi mwisho. *Apocalypse Now* aliipigia Ufilipino kuanzia mwaka 1976. Kimbunga kikabomoa seti, mwaka uliofuata mwigizaji mkuu akapata shambulio la moyo, na mali za mwongozaji mwenyewe zilikuwa zimewekwa rehani. Filamu ilipotoka mwaka 1979 ikamlipa. Hapo ndipo mnapofungia kitabu. Mwaka 1982 akatoa *One from the Heart*, ambayo kwa ajili yake alijenga Las Vegas nzima ndani ya studio. Watu hawakwenda kuiona, na kwa miaka mingi baadaye alikuwa anapiga filamu za kulipia madeni. Mwaka 2024, akiwa na miaka 85, akaingiza takriban dola milioni 120 kwenye *Megalopolis*, pesa zilizotokana na biashara yake ya mvinyo. Majumba ya sinema yalirudisha kama milioni 14.

Mimi namheshimu kwa yote mawili. Lakini yule aliweka vya kwake, baada ya kushinda Oscar. Nyumba ya mama si yako. Mwache mama alale.

Nami si msafi. Mwaka 2009 niliuza kiwanja changu Kigamboni nikapiga filamu. Msambazaji mmoja akaniambia hanunui mpaka iwe sehemu ya kwanza na ya pili. Hadithi yangu ilikuwa ya dakika 80. Nikaivuta: gari linakuja, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, mlinzi anafunga geti. Geti peke yake lilikula dakika mbili. Nililipwa pungufu ya bei ya kiwanja, na leo pale pana gesti ya ghorofa tatu. Kiwanja hakiniumi tena. Geti ndilo linaloniuma, kwa sababu nililiweka nikijua ni uongo, na watu walioinunua walijua pia.

Kwa hiyo ukiniuliza uthubutu, nitakuuliza: ungemkatalia yule msambazaji? Kukopa ni rahisi zaidi.

Nikikataliwa na Bodi ya Filamu nifanyeje? (Dodoma)

Je, uliomba? Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ipo tangu mwaka 1976, na muswada wa filamu yako unapelekwa kwa Bodi kabla ya kupiga picha. Wengi wanaolia kufungiwa hawakuwahi kujaza fomu. Ukishafuata utaratibu na bado ukakwama, hapo tuongee. Filamu ya Sembène *Ceddo* ilizuiwa enzi za Rais Senghor, na sababu iliyotajwa ni kwamba jina liliandikwa kwa d mbili badala ya moja. Mzee aligoma kuifuta hata hiyo d moja.

Niwaambie wafanyakazi wangu wasubiri filamu iuze ndipo niwalipe? (Tanga)

Hapana. Na chakula kifike saa saba, si saa kumi.

Mzee, na kama simu yangu ni kitochi? (Kigoma)

Nunua kauntabuku.