Kisanduku cha Sebuleni, Diski ya Morogoro

Diski yetu ya nje ya kuhifadhia faili ilianguka Jumapili moja mwaka 2019, tumetoka tu kula, kutoka juu ya kabati la televisheni. Mpwa wangu alikuwa anatafuta pa kuchomeka chaja, akavuta waya usiohusika, ikaja chini. Kimo cha kiuno tu, tena kwenye zulia. Lakini ilikuwa imewaka, inasoma, na diski inayozunguka haitaki mshtuko hata kidogo. Nilipoichomeka tena ikawa inalia: tik, tik, tik, kimya, halafu tik, tik, tik.

Humo ndani mlikuwa na picha za harusi yetu, miaka sita ya watoto, vyeti vya nyumba nzima nilivyoviskani kwa mkono wangu, na rekodi ya dakika kumi na moja ya marehemu baba akieleza mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo: masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yanaanzia wapi, yanakatia wapi kuelekea mfereji, na nani alihamisha yapi mwaka gani. Baba alikuwa na mwaka mmoja kaburini. Mnaotoka uchagani mnajua rekodi ya namna hiyo ina thamani gani siku jirani akiamka vibaya.

Fundi wa Kariakoo aliifungua pale pale kaunta, bisibisi mkononi, feni ya dari inazunguka, vumbi la mtaani linaingia mlangoni. Wakati huo sikujua kwamba kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani ya diski kwa nafasi ndogo kuliko punje ya vumbi, na kwamba kazi hiyo hufanyiwa chumba maalumu kilichochujwa hewa. Alikuwa anammalizia mgonjwa, mimi nimesimama namshikia tochi. Kwa hiyo, kabla ya mengine yote: diski ikianza kulia tik tik, izime, usiirudishe "kujaribu mara ya mwisho", na usimwachie mtu anayetaka kuifungua mbele yako.

Rekodi ya baba tuliipata, ila si kwenye diski. Nilimpigia dada yangu wa Morogoro kumweleza msiba wangu, akaniacha nimalize, kisha akasema, "Si ulinirushia kwa Bluetooth tukiwa kwenye matanga?" Ilikuwa kwenye kadi ya memori ya simu yake ya zamani, kadi yenyewe imetupwa kwenye kopo la vifungo na sindano. Picha hazikuwa na bahati hiyo. Tuliomba kwenye grupu la ukoo, ndugu wakaturudishia walizokuwa nazo, zimepita WhatsApp mara tatu nne, zimebanwa mpaka watu wa safu ya nyuma hawana macho.

Ningekuwa mwepesi wa kuelewa ningeelewa hapo hapo kilichoiokoa ile rekodi. Badala yake nikaenda kununua kifaa.

Kifaa chenyewe huitwa NAS. Ni kisanduku chenye ukubwa wa kama mikate miwili ya slesi iliyosimamishwa, ndani yake diski moja, mbili au zaidi, na kompyuta ndogo ya kuzisimamia. Kinaunganishwa kwa waya kwenye ruta ya nyumbani, na baada ya hapo simu na laptopu zote za humo ndani zinakiona kama kabati la pamoja. Simu ya mama watoto ikiingia kwenye Wi-Fi jioni, picha za siku hiyo zinapanda zenyewe. Hakuna malipo ya kila mwezi, na bando haliliwi kwa sababu data haitoki nje ya nyumba. Hilo lilinivuta zaidi baada ya tarehe 1 Juni 2021, Google Photos ilipoacha kupokea picha za bure bila kikomo na kuanza kuzihesabu kwenye zile gigabaiti 15 za akaunti.

Niseme ukweli kabla hujaenda dukani. Kama kila ulichonacho kinaingia kwenye gigabaiti mia mbili na mnaotumia ni wawili, huhitaji NAS. Nunua diski mbili za kawaida za nje, jaza vitu vilevile kwenye zote, moja ikae kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini. NAS inaanza kuwa na maana pale simu zinapokuwa nne, watoto wana laptopu za shule, na wewe umechoka kuwa karani wa kukusanya picha za watu kila mwisho wa mwezi.

Mimi nilichukua cha diski mbili. Kilichonishangaza ni kwamba diski zilikula pesa kuliko kisanduku, na hapo ndipo wengi wanabana. Usibane hapo. Uliza diski inaandika kwa CMR au SMR. Kama muuzaji hajui, chukua namba ya modeli ukaitafute mwenyewe. CMR inapanga mistari ya data bila kupandiana, SMR inaipanga ikipandiana kama makuti kwenye paa. SMR inaokoa nafasi, lakini ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati inabidi uinue na yanayolilalia. Kwa diski ya kuwekea vitu na kuviacha si neno. Ndani ya NAS, hasa siku diski moja imekufa na mpya inajazwa upya, inaweza kukukalisha siku nyingi roho mkononi. Mwaka 2020 Western Digital walilazimika kukiri kwamba baadhi ya diski zao za Red, zilizouzwa kwa ajili ya NAS hasa, zilikuwa SMR bila kutajwa. Baadaye wakazitenga zile za CMR kwa jina la Red Plus. Kwa hiyo hata jina la boksi halitoshi.

Diski zangu mbili za terabaiti nne nimezipanga kwa RAID 1. Maana yake kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili, na nafasi ninayopata ni terabaiti nne, si nane. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Nilipomaliza kuipanga nililala usingizi wa mtu aliyelipa madeni yote.

Nikaja kuamshwa Machi 2022. Simu ya mke wangu ilijaa, akafanya ambacho ungefanya hata wewe: akafuta picha za zamani, kwa kuwa nilishamwambia ziko salama kwenye kisanduku. Zilikuwa salama kweli mpaka simu ilipoingia kwenye Wi-Fi. Mimi fundi wa nyumba nilikuwa nimeiweka programu ilandanishe pande zote mbili. Simu ikasema hizi hazipo, kisanduku kikatii kikazifuta, na RAID kwa uaminifu wake ikazifuta kwenye diski zote mbili. RAID ni kioo. Ukikuna pua na kwenye kioo inakunwa. Inakukinga na kifo cha diski moja, basi. Kufuta kwa bahati mbaya, virusi, mwizi, moto, maji ya bomba lililopasuka, vyote vinafika diski zote mbili kwa pamoja.

Tuligundua baada ya wiki tatu, alipotafuta picha ya send-off ya mdogo wake. Kapu la taka la folda ile sikuwa nimeliwasha. Nilikuwa nimeliruka kwa sababu, nakumbuka vizuri, niliona linakula nafasi.

Zilizorudi zilitoka Morogoro. Krismasi iliyotangulia, tukielekea Moshi, tulipitia kwa dada na kumwachia diski ya nje niliyokuwa nimeijaza bila mpango wowote, kwa woga tu wa mwaka 2019. Picha zote za mpaka Desemba zilikuwamo. Za Januari hadi Machi zimekwenda, na mke wangu bado ananikumbusha kila tunapopita ule ukumbi.

Mara mbili sasa, mimi na vifaa vyangu tumeokolewa na kabati la dada. Mpigapicha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeipa kanuni hii umaarufu, nayo huandikwa 3-2-1: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja iwe nje ya nyumba. Wengi tunaishia mbili za kwanza kwa sababu zinanunulika. Hii ya tatu inataka mtu.

Kwa nini nakala hiyo ya tatu nisiipandishe kwenye wingu, yaani hifadhi ya mtandaoni? Vitu vichache muhimu, ndiyo, napandisha: hati ya kiwanja, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, ile rekodi ya baba. Vyote pamoja havifiki gigabaiti moja. Lakini piga hesabu ya mkusanyiko mzima. Terabaiti moja, kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 10 kwa sekunde, ni siku tisa na saa kadhaa, bila kukatika hata dakika, na nyumba yangu haijawahi kupita siku tisa bila kitu kukatika. Treni ya SGR kutoka Dar inafika Morogoro chini ya saa mbili. Diski ya terabaiti mbili kwenye mkoba inaishinda faiba yangu kwa mbali sana, na ukifika unakuta chai.

Siku hizi ninazo diski mbili za safari. Moja iko kwa dada, nyingine kwangu inajazwa. Kila baada ya miezi mitatu zinabadilishana nafasi. Picha za simu zinapanda upande mmoja tu, yaani kufuta kwenye simu hakufuti kisandukuni, na kapu la taka linatunza kilichofutwa siku tisini.

Kuhusu umeme nitasema kidogo ingawa ulinitesa sana. Wakati wa mgao wa mwishoni mwa 2023 kisanduku kilizimika ghafla mara tatu katika wiki moja, na kila kikirudi kinatumia saa nyingi kukagua diski. Na si mgao peke yake. Uniti za LUKU zina tabia ya kuisha saa tisa usiku. Nunua UPS, yaani betri ya akiba ya umeme, ila hakikisha ina tundu la USB la kuongea na NAS. Yangu ya kwanza haikuwa nalo. Ilikipa kisanduku dakika kumi na tano za kuendelea kufanya kazi, halafu kikafa vilevile ghafla. Yenye waya wa USB inakiambia umeme umekatika, nacho kinajifunga kwa adabu. Betri yake isikae jikoni wala juu ya friji, joto linaiua.

Na usikifungulie mlango kwenye intaneti. Januari 2022 virusi vinavyoitwa DeadBolt viliingia kwenye NAS za kampuni ya QNAP zilizokuwa zinaonekana moja kwa moja mtandaoni, vikafunga faili za watu na kuacha ujumbe wa kudai bitikoini 0.03. Huenda wengi wa wenye vifaa hivyo walitaka tu kuona picha zao wakiwa safarini. Zima UPnP kwenye ruta, ule mpangilio unaoruhusu vifaa vijifungulie milango ya intaneti vyenyewe, sasisha programu ya kifaa, na kama lazima ukifikie ukiwa mbali tumia VPN, yaani njia ya siri kupitia intaneti. Tailscale, mojawapo ya programu za namna hiyo, inafanya kazi hata kwenye intaneti zetu hizi za laini ya simu. Mimi nikiwa safari nasubiri nirudi.

Jambo ambalo sikuliona kwenye maelekezo yoyote ni nywila. Kisanduku kina akaunti ya msimamizi na ni mimi tu niliyekuwa naijua. Mke wangu aliuliza siku moja, anachambua maharage, hata hakuinua kichwa: "Wewe ukiondoka leo, hizi picha nazifunguaje?" Jioni ile niliandika kila kitu kwenye karatasi, nikaitia kwenye bahasha inayokaa pamoja na hati ya kiwanja. Kwa kalamu, si kwenye simu.

Nilidhani hapo nimemaliza. Pasaka iliyofuata, nikiwa Morogoro, nikataka kumwonyesha dada kwamba hata yeye anaweza kufungua. Nikamwambia achukue diski, achomeke kwenye laptopu yake, mimi nikae mbali. Akachomeka. Windows ikaleta ujumbe kwamba diski inabidi ifomatiwe kwanza ndipo itumike, ufomati? Kidole chake kilikuwa tayari kwenye kitufe. Nilivuka meza.

Diski haikuwa na kasoro. NAS ilikuwa imeifomati kwa ext4, ambayo Windows haiisomi yenyewe, na faili zilikuwa zimefungwa kwenye mafurushi yanayofunguliwa na programu ya NAS tu. Kwa maana nyingine, nakala ya kutuokoa nyumba ikiungua ilikuwa inahitaji kisanduku kilekile kilichoungua. Niliporudi Dar nilizifomati upya zote mbili kwa exFAT, ambayo Windows inaisoma, nikaanza kunakili folda kama zilivyo, picha zikiwa picha. Hati na vyeti peke yake ndivyo nimevifunga kwa 7-Zip na nywila, na nywila hiyo imo kwenye bahasha.

Agosti nilimpelekea diski mpya. Akaichomeka mwenyewe, akafungua folda ya baba, akasikiliza mpaka pale baba anapokatisha habari za masale kumgombeza mtu aliyeacha geti wazi, akacheka. Kisha akachukua plasta, ile ya kidonda, akaibandika juu ya diski na kuandika kwa kalamu ya wino: USIFOMATI. MUULIZE DADA.